UZI: Rubicon ya mwaka 2001, chupa ya mwisho kati ya sita. Nimeionja glasi kwa glasi

FundiBaridi

Wakuu, habari za jioni.

Jumamosi iliyopita nimefungua chupa ya mwisho ya mvinyo nilioununua 2005, mwaka aliozaliwa binti yangu wa kwanza. Ni Rubicon wa mavuno ya 2001, kutoka shamba la Meerlust, Stellenbosch, Afrika Kusini. Zabibu zake zilichumwa miaka 24 iliyopita. Nilinunua chupa sita, nikawa nazifungua mojamoja, na kila mara nikaandika nilichokiona kwenye daftari lilelile. Sasa daftari limejaa na chupa zimekwisha, nikaona nilete habari yote hapa.

Mimi ni mzaliwa wa Dodoma, fundi wa majokofu na viyoyozi, niko huku Cape tangu 2002. Marehemu baba alikuwa na ekari mbili za zabibu, kwa hiyo mzabibu naujua tangu utoto. Mvinyo wenyewe nilikuja kuujua huku, kwa kufunga mitambo ya baridi kwenye maghala ya mashamba. Nilikuwa nakaa humo ndani siku nzima na vipimajoto vyangu, nikazungukwa na maelfu ya chupa zilizolazwa gizani, nikawa najiuliza hawa watu wanasubiri nini.

Nianze na huo mvinyo ni wa namna gani. Kule Bordeaux, kusini-magharibi mwa Ufaransa, mvinyo mwekundu hautoki kwenye zabibu za aina moja. Wanachanganya Cabernet Sauvignon, Merlot na Cabernet Franc, pengine na kidogo cha Petit Verdot au Malbec. Hii ilikuwa akili ya mkulima kabla haijawa starehe ya mnywaji. Merlot huiva mapema, Cabernet Sauvignon huchelewa. Mvua ikiharibu moja, nyingine inaokoa mwaka. Baadaye ndipo ikaonekana kwamba hata mdomoni zinasaidiana: Cabernet inaleta ukali na uti wa mgongo, Merlot inajaza ulaini, Cabernet Franc inaongeza harufu ya majani.

Meerlust liko kama kilomita tano tu kutoka ghuba ya False Bay, na upepo wa bahari unalipoza shamba wakati wa kiangazi. Familia ya Myburgh iko pale tangu 1756. Nico Myburgh alikwenda Bordeaux akaona hali ya hewa na udongo wa kule havitofautiani sana na vya kwake, akarudi na wazo la kuchanganya. Yeye na mtengenezaji wake wa mvinyo, Mwitaliano Giorgio Dalla Cia, ndio waliotoa Rubicon ya kwanza, ya mavuno ya 1980. Jina ni la ule mto ambao Julius Caesar aliuvuka na jeshi lake mwaka 49 kabla ya Kristo, akijua kurudi nyuma hakuna tena. Chupa zangu za 2001 bado zilikuwa kazi ya mikono ya huyo Dalla Cia.

Naendelea chini, nipeni nafasi.

FundiBaridi

Chupa ya kwanza niliifungua 2006, na kusema kweli sikuipenda. Rangi ilikuwa nyeusi ya zambarau, hata taa ilipita kwa shida. Harufu ilikuwa ya zambarau mbivu, zile zinazoacha ulimi na rangi siku nzima. Lakini mdomoni, ukakasi! Mliokulia pwani mnajua bibo lisiloiva linavyoshika ulimi na fizi mpaka unaona meno yamevaa shati. Ndivyo ulivyokuwa. Huo ukakasi unatokana na tanini, na tanini zinatoka kwenye maganda ya zabibu, mbegu zake, na mbao za mapipa ya mwaloni ulimolazwa mvinyo.

Ya pili, 2010, ilinihuzunisha zaidi. Matunda yalikuwa yamepotea na hakuna kilichokuja badala yake. Glasi ilikuwa kimya kabisa, ukinusa hupati kitu. Nilidhani nimeziharibu zote. Mzee mmoja wa ghalani, mtu aliyefanya kazi ya mapipa maisha yake yote, akaniambia nisiguse nyingine kwa miaka mitano. Alisema mvinyo wa namna hii una kipindi cha kujifunga, kama kijana wa miaka kumi na minne ambaye ukimsemesha hajibu.

Nikamsikiliza. Nilipofungua nyingine 2015, mlango ulikuwa umefunguka. Zambarau ilikuwepo bado, ila imekauka kidogo, inaelekea kwenye tende. Nyuma yake kulikuwa na harufu ya penseli iliyochongwa sasa hivi, na tumbaku isiyowashwa. Ukakasi ulikuwepo lakini umelainika, unausikia pembeni mwa ulimi tu.

Na ile ya 2019, siku mke wangu alipotimiza miaka arobaini, naiweka juu ya zote. Hapo kila kitu kilikuwa mahali pake. Ndiyo maana nasema waziwazi: chupa ya Jumamosi haikuwa bora kuliko ya 2019. Ilikuwa imeshapita kilele. Lakini ndiyo iliyonigusa zaidi, na nitaeleza kwa nini.

mwanakondoa

Mkuu, umetaja chupa nne, na ya Jumamosi ya tano. Ya sita iko wapi? Halafu swali la msingi kwa sisi tulioko Dar: hii habari ya kuhifadhi miaka ishirini inawezekana kweli kwenye joto letu?

FundiBaridi

Mkuu mwanakondoa, maswali yako mawili yana jibu moja.

Chupa ya sita nilimpelekea baba Dodoma, 2008. Nilimwambia tutaifungua pamoja baadaye. Akaiweka kwenye kabati la vyombo sebuleni, imesimama wima, kando ya picha za harusi yangu. Nyumba ya bati. Aliitunza kwa heshima zote, kila wiki anaifuta vumbi. Tuliifungua Desemba 2016. Kizibo kilikuwa kimekauka na kusinyaa, mvinyo umeshuka mpaka chini ya mabega ya chupa, rangi ya chai ya rangi iliyolala. Harufu ilikuwa ya siki na zabibu kavu zilizoungua. Baba alikunywa glasi yake yote, akasema ni mzuri, kwa sababu mwanawe ndiye aliyeuleta. Kosa lilikuwa langu. Mimi fundi wa baridi nilimpa mzee mvinyo wa kutunza bila kumpa mahali pa kuutunzia. Nafasi ya kurekebisha hilo sikuipata tena.

Sasa upande wa ufundi. Mabadiliko ndani ya chupa ni kemia, na kemia inakimbizwa na joto. Kwa makadirio tunayotumia mafundi, kila nyuzi 10 zinapopanda, kasi yake inakaribia mara mbili. Na si kwamba mvinyo unakomaa vizuri kwa haraka, hapana, unapikika. Joto la kutunzia ni nyuzi 12 hadi 14 za Selsiasi, na lisipande na kushuka. Kule kupanda na kushuka ndiko kubaya zaidi: mvinyo unatanuka, unasukuma kizibo, unaposinyaa, unavuta hewa ndani. Chupa ilazwe ili kizibo kibaki kimelowa. Chumba kiwe na giza, na unyevunyevu wa kiasi cha asilimia 70 hivi.

Kwa nyuzi 30 za Dar sebuleni, jibu ni hapana. Usiweke hata miaka miwili. Lakini kuna njia. Tafuta jokofu la zamani ambalo kompresa bado nzima. Jokofu la kawaida lenyewe linapoza mno, nyuzi 4, na linakausha. Kwa hiyo unaunganisha themostati ya nje inayokata umeme likifika 12 na kuwasha likifika 14, kisha unaweka bakuli la maji ndani kwa ajili ya unyevu. Chini ya kompresa weka vipande vya mpira kuzuia mtetemo. Langu nililitengeneza 2006 na nimebadilisha kompresa mara moja tu. Umeme ukikatika, usilifungue mlango. Chupa zikiwa nyingi zenyewe zinashikilia baridi kwa saa nyingi.

mwanakondoa

Pole sana kwa ya mzee, mkuu. Nimeelewa. Endelea na Jumamosi.

FundiBaridi

Jumamosi basi.

Maandalizi yalianza Alhamisi. Niliitoa chupa ilikolala nikaisimamisha wima jikoni, upande wenye ubaridi, ili mashapo yashuke chini. Mvinyo wa miaka mingi una mashapo mengi, na hayo si uchafu. Zile tanini na rangi za maganda zinashikana zenyewe kwa zenyewe mwaka baada ya mwaka mpaka zinakuwa nzito, haziwezi kuelea tena, zinatua. Ndiyo maana mvinyo mkongwe unapoteza weusi wake na ukakasi wake kwa pamoja: vyote viwili vimelala chini ya chupa. Ukiimimina ovyo unavirudisha kwenye glasi, na utakunywa uchungu na mchanga.

Kizibo cha miaka ishirini na zaidi hakivutwi kwa kizibuo cha kawaida cha msumari. Kinapasuka. Nilitumia kile chenye meno mawili bapa, unayapenyeza baina ya kizibo na kioo, huku na huku, kisha unazungusha ukivuta taratibu. Kilitoka kizima, nusu yake ya ndani nyeusi, nusu ya juu safi. Kabla ya hapo nilikuwa nimeshaona mvinyo uko chini ya shingo kidogo tu, nikajua hewa haijaingia sana. Nikakinusa kizibo: hakina harufu ya boksi lililonyeshewa. Hiyo harufu ndiyo unayoiogopa, maana inamaanisha kizibo kilikuwa na ugonjwa na chupa imekwenda.

Nikawasha mshumaa, nikashika chupa juu yake, nikamimina polepole kwenye jagi la kioo bila kusimama. Mwanga unapita shingoni na unaona mvinyo unavyopita, safi, safi, safi, halafu uzi mwembamba mweusi unaanza kusogea. Hapo unaacha. Mabega ya chupa za Bordeaux yanasaidia hasa hapo, yanazuia mashapo. Kilichobaki kilikuwa kama vidole viwili, nikakitia kwenye mchuzi wa nyama.

Tulikuwa watu watano: mimi na mke wangu, binti yangu ambaye sasa ana miaka ishirini, jirani yetu, na yule mzee wa mapipa, ambaye amestaafu na anatembea na fimbo. Chakula kilikuwa paja la kondoo la kuoka, chumvi, vitunguu saumu na majani ya rozmari. Pilipili hapana. Najua kwetu nyama bila pilipili ni kama haijakamilika, lakini mvinyo huu umeshapoteza nguvu za kushindana na kitu chochote kinachowasha.

Glasi ya kwanza, saa moja na nusu jioni. Rangi: katikati nyekundu ya tofali, ukingoni inageuka kuwa ya chungwa, na unaweza kuona vidole vyako upande wa pili. Ile nyeusi ya 2006 haipo hata kwa dawa. Harufu ya mwanzo ilikuwa hafifu na yenye unyevu, majani yaliyooza chini ya mti, uyoga, udongo. Jirani alinitazama kwa wasiwasi. Mzee akasema tusubiri.

Baada ya kama dakika ishirini na tano ukabadilika mbele yetu. Udongo ule ukawa udongo wa mvua ya kwanza, ile harufu inayokuja Dodoma mwezi wa Novemba au Desemba, matone ya mwanzo yakipiga vumbi lililokaa miezi bila maji. Nilinyamaza kidogo hapo. Ngozi ya kiatu ikaja, tumbaku ikarudi, na chini kabisa utamu wa tende na ukwaju. Si utamu wa sukari, wakuu, mvinyo huu ni mkavu. Ni harufu inayokumbusha utamu.

Mdomoni ukakasi umekwisha karibu wote. Umebaki kama kitambaa cha hariri kinachopita ulimini, halafu uchachu mdogo unaofanya mate yatoke na utake kula. Uchachu ndio uliokuwa umeushikilia huu mvinyo usianguke. Watu husifia tanini kwa maisha marefu ya mvinyo, mimi baada ya chupa sita nasema uchachu una haki yake na haitajwi vya kutosha. Na ladha haikuondoka haraka. Nilimeza, nikahesabu kimyakimya, nikafika ishirini na kitu bado ipo.

Glasi ya pili, saa mbili na robo. Hapa ndipo ulipofika juu. Binti yangu, ambaye huwa hanywi zaidi ya nusu glasi, aliinusa kwa muda mrefu, akasema, "Baba, hili ni sanduku la bibi." Alikuwa sahihi kabisa. Sanduku la mbao la mama yangu kule Dodoma, kanga za zamani ndani, vipande vya udi, na kitu kikavu chenye utamu ambacho sijui kukitaja. Vitabu vinauita mwerezi. Kwetu sisi ni sanduku la bibi, na nimeandika hivyohivyo daftarini.

Saa tatu na nusu ulikuwa unashuka. Matunda yakaondoka kwanza, kisha ngozi na tumbaku, ukabaki uchachu na harufu kidogo ya majani makavu. Mzee wa mapipa alikuwa amebakiza tone lake la mwisho makusudi. Akalinywa hapo, wakati umeshachoka, akasema na hilo nalo alitaka kuliona.

Hiki ndicho kilichonigusa kuliko 2019. Ile ya 2019 ilikaa palepale, nzuri, jioni nzima. Hii niliiona ikiamka, ikisimama na kuondoka kwa muda wa saa mbili, na hakuna nyingine.

Mama Zabibu

Kaka, mimi ni mkulima wa Hombolo. Nimesoma yote na machozi yamenilenga hapo kwa mzee. Nina swali: mvinyo wetu wa Dodoma unaweza kuwekwa hivyo? Na mbona wateja wetu wanauliza ulio mtamu tu?

FundiBaridi

Dada yangu, shikamoo ya mkulima. Mvinyo wa kukaa lazima uzaliwe na vitu vitatu: ukakasi wa kutosha, uchachu wa kutosha, na matunda ya kutosha kustahimili hivyo viwili. Sehemu kubwa ya mvinyo wa dunia nzima, wa Ufaransa pia, umetengenezwa unywewe ndani ya miaka michache, na hilo si aibu hata kidogo.

Kwetu Dodoma mzabibu haupati majira ya baridi ya kulala, ndiyo maana tunakatia na kuvuna mara mbili kwa mwaka. Ukitaka mvinyo wa kutunza, ningeanzia hapo: mizabibu yenye umri, mavuno machache kwa mti, na zabibu zichumwe alfajiri kabla jua halijapanda, uchachu usipotee. Kisha pipa la mwaloni kama mfuko unaruhusu. Halafu fanya nilichofanya: weka chupa sita za msimu mmoja mahali pa nyuzi 13, fungua moja kila mwaka, andika. Usianze na miaka ishirini. Na wateja wanaotaka utamu, wauzie utamu, ndio wanaolipa ada za shule.

Msomaji wa Kigamboni

Mimi sinywi kileo, dini yangu hairuhusu, ila uzi nimeusoma wote kwa ajili ya ile kemia na ile jokofu. Nina swali la kielimu: ni kweli kwamba wa Ufaransa pekee ndio unaoweza kuishi miaka mingi? Nimewahi kusikia hivyo.

FundiBaridi

Ahsante sana ndugu yangu kwa kusoma. Hilo lilisemwa kwa muda mrefu, na lilijibiwa kwa majaribio. Tarehe 24 Mei 1976, Mwingereza Steven Spurrier aliwakusanya waonjaji wa Kifaransa mjini Paris, wakaonja bila kuona majina kwenye chupa. Upande wa nyekundu, Stag's Leap ya 1973 kutoka Kalifornia ikaishinda Mouton-Rothschild ya 1970 na wakubwa wengine wa Bordeaux. Watu wakalalamika: ngojeni, mivinyo ya Marekani ni ya ujana tu, Bordeaux itawapita uzeeni. Basi 2006, miaka thelathini baadaye, nyekundu zilezile zikaonjwa tena kwa siku moja London na Napa. Ya kwanza ikawa Ridge Monte Bello ya 1971, ya Kalifornia vilevile.

Mimi sisemi Kalifornia ni bora kuliko Bordeaux. Nasema zabibu zile zikipata mahali panapozifaa na mtu mvumilivu, zinaishi. Cabernet Sauvignon yenyewe si ya kabila moja: uchunguzi wa vinasaba uliofanyika Chuo Kikuu cha Kalifornia, Davis, ukachapishwa 1997, ulionyesha ni mtoto wa Cabernet Franc na Sauvignon Blanc, yaani mama na baba wa rangi tofauti.

mwanakondoa

Mkuu, nimeshapata jokofu bovu kwa fundi wa mtaani, kompresa nzima. Kesho natafuta themostati. Mwanangu amezaliwa Machi.

FundiBaridi

Hongera sana kwa mtoto, mkuu. Kabla ya kuweka chupa yoyote, liache liwake wiki mbili likiwa na chupa zilizojaa maji, na upime joto asubuhi, mchana na usiku. Likivuka 15 hata mara moja, angalia mpira wa mlango kwanza, mara nyingi hewa inapita hapo. Waya wa kipimajoto usiubane mlangoni, upitishe kwenye tundu la chini la kutolea maji kisha uzibe kwa silikoni. Ukikwama niandikie hapahapa, jioni huwa nipo.